Ben Mink: mpiga fidla asiyesomwa jaladani

Wapo wanaosema kwamba Ben Mink, mpiga fidla wa Toronto aliyezaliwa mwaka 1951, alikitawanya kipaji chake, na hoja yao si ya kupuuzwa. Baada ya kupitia bendi ya rock iitwayo FM, sehemu kubwa ya kazi yake aliifanya kwenye rekodi za wengine. Mwaka 1982 Rush, bendi ya rock ya Kanada, walimwita studio kupiga fidla ya umeme katika "Losing It", wimbo unaomhusu mcheza dansi anayezeeka na mwandishi aliyekaukiwa na maneno. Sikiliza fidla ile inavyopanda juu ya ngoma za Neil Peart wa Rush: mashairi yanasimulia msiba, yenyewe inalia. Albamu, hata hivyo, ni ya Rush.

Kasoro ya hoja hiyo ni kumpima mwanamuziki kwa jina lililo kwenye jalada la albamu, ilhali Mink hakuwa kibarua wa kupiga na kuondoka. Kwa mwimbaji wa Kanada k.d. lang alikuwa mtunzi mwenza na prodyusa mwenza, na "Constant Craving" ya mwaka 1992 waliitunga wawili. Miaka mitano baadaye bendi ya Rolling Stones, ya mwimbaji Mick Jagger na mpiga gitaa Keith Richards, ilikuwa karibu kutoa "Anybody Seen My Baby?" pale binti wa Richards alipong'amua kwamba kiitikio cha wimbo huo mpya kinaimbika kwa maneno ya "Constant Craving". Hawakungoja kushtakiwa, waliwaandika lang na Mink kuwa watunzi wenza. Jagger, Richards, lang, Mink: majina manne kwenye mstari mmoja, na hilo la mwisho ni la mtu ambaye hakupiga hata noti moja katika rekodi hiyo. Mpigaji wa studio kwa kawaida hulipwa ujira wake na hesabu ikafungwa, lakini mtunzi hudai mrabaha kila wimbo unapopigwa redioni, hata akiwa amelala. Sijui ni wangapi kati ya wenye majina makubwa jaladani wanaoweza kujivunia hivyo.

Gharama ipo, nayo ni kutojulikana: tuzo ya Grammy ya "Constant Craving" ilitolewa kwa uimbaji, ikawa ya lang. Lakini wenzake wa kazi hawakumsahau. "Losing It" haikuwahi kupigwa jukwaani hadi ziara ya Rush ya mwaka 2015, na walipofika Toronto mwezi Juni, miaka 33 baada ya kuirekodi, aliyesimama na fidla alikuwa Mink.