Miaka 10 ya lazima na mwanafunzi aliyeacha kuja

Toleo la mwaka 2023 la Sera ya Elimu na Mafunzo ya Tanzania limeongeza elimu ya lazima kutoka miaka saba hadi 10, yaani sita ya msingi na minne ya sekondari. Swali ni kama neno "lazima" litatosha kumbakiza darasani mwanafunzi wa kidato cha pili.

Wanaotegemea sheria wana hoja nzito. Wapo wazazi wanaomshawishi mtoto avuruge makusudi mtihani wa darasa la saba ili aolewe au apelekwe mjini kufanya kazi za ndani, na kwa mzazi wa namna hiyo kusihi kwa mwalimu hakufui dafu; anayehitajika ni mtendaji wa kata mwenye uwezo wa kumfikisha mahakamani.

Hata hivyo, utoro mwingi hauna mtu aliyeuamua. Ada ya sekondari za kutwa, shilingi 20,000 kwa mwaka, ilifutwa Januari 2016, lakini sare, madaftari na mchango wa chakula vilibaki kwa mzazi. Shule za kata, zilizojengwa kwa wingi baada ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES) kuanza mwaka 2004, zilisogeza sekondari karibu, ila kata ya kijijini ni pana: mwanafunzi hudamka gizani, hutembea saa mbili, hushinda na njaa, tena husomeshwa kwa Kiingereza ambacho shule ya msingi kilikuwa somo moja tu. Akikosa siku tatu, masomo humpita. Akirudi hukuta viboko vinamsubiri. Mwisho huonekana kijiweni na bodaboda. Msichana anayepangishiwa chumba karibu na shule ili kukwepa mwendo huo huishi bila mlezi, na mimba nyingi huanzia huko. Ruhusa ya Novemba 2021 ya kuwarudisha shuleni waliojifungua ilikuwa ya haki (na ilichelewa), lakini haisemi mtoto ataachwa na nani.

Kwa maoni yangu, sheria ibaki kwa mzazi anayemficha au kumwoza mtoto. Kwa wengine wote, jina linapokosekana kwenye mahudhurio kwa wiki nzima, halmashauri ndiyo ianze kueleza hosteli iko wapi na chakula cha mchana kimekwamia wapi, kabla mtendaji hajaandika hati ya wito.