Bosi Yuko Mita Sita

Jamani, mimi sina ugomvi na bosi. Nasema mapema kwa sababu najua maneno yameshaenea.

Chanzo ni kichwa. Ikifika saa tisa alasiri kinaanza kunigonga hapa kwenye paji, taratibu, kama mwenye nyumba anayebisha hodi huku akijua upo ndani. Saa kumi na moja ameshaingia na kukaa. Macho nayo kama yametiwa mchanga. Basi natoka kazini nimechoshwa na skrini kubwa, nakwenda kupumzikia ndogo. Nalala chali, taa nimezima, simu iko sentimita 20 kutoka puani, nasoma sababu za maumivu ya kichwa. Juzi iliniponyoka ikaniangukia usoni. Hiyo nayo ni sababu, ila kwenye orodha sikuiona.

Daktari wa macho akaniambia macho yangu ni makavu. Makavu! Na hapo machozi yananitiririka hadi kwenye kola. Akasema ndivyo yalivyo: jicho likikauka linaudhika, na likiudhika linamwaga machozi ovyo. Kumbe mtu hupepesa kope mara 15 hivi kwa dakika, lakini akiikodolea skrini huweza kushuka hadi tano au saba. Yaani kupepesa, kazi ambayo sikufundishwa na mtu, nimeisahau nikiwa na akili zangu timamu. Nikarudi ofisini nikawa napepesa kwa makusudi. Jirani yangu wa meza akadhani namkonyeza. Amehamisha kiti.

Miwani? Ninayo. Ile ya kuzuia mwanga wa buluu, niliinunua kwa mbwembwe. Daktari akaigeuzageuza, akaniambia mwaka 2023 watafiti walikusanya majaribio 17 ya miwani hiyo, na hawakuona kwamba inapunguza uchovu wa macho kuliko miwani ya kawaida, angalau kwa muda mfupi. Akanirudishia kwa mikono miwili, kama anayerudisha posa.

"Shida yako, ndugu yangu, ni ukaribu," akasema. Ndani ya jicho kuna kamsuli kanakokaza ili uone kitu cha karibu. Ukitazama mbali, kanalegea. Sasa mimi nimekakaza tangu asubuhi. Ndoo ya maji si nzito, lakini hebu inyanyue uishike hivyo hivyo kwa muda wa saa nane uone. Na shingo niliyoichomoza mbele kama kobe anayechungulia mvua, nayo inapeleka mashtaka yake kichwani.

Dawa yenyewe ni rahisi, haiuzwi hata dukani: kila dakika 20, tazama kitu kilicho umbali wa mita sita hivi, kwa sekunde 20. Basi.

Basi nini? Mbele yangu ukuta. Kushoto kabati la mafaili. Kulia ukuta mwingine, ndugu wa yule wa kwanza. Dirisha liko mgongoni, na tumelifunika pazia kwa sababu mwanga wake ulikuwa unaigonga skrini na kunirudia machoni. Nikachukua futi kamba, nikapima ofisi nzima pembe kwa pembe. Kitu pekee kilicho mita sita kutoka kwenye kiti changu ni bosi.

Nifanyeje? Macho ni yangu. Simu ikilia mlio wa dakika 20, nainua kichwa, namtazama. Sekunde 20. Ukiona ni chache, jaribu kumtazama mkubwa wako kimya kimya huku unahesabu moyoni. Ni mara tatu kwa saa, mara 24 kwa siku ya kazi. Na napepesa, kama nilivyoagizwa.

Siku ya tatu akaniita. "Bwana, kuna jambo unataka kuniambia?"

Nikamweleza yote, kope, kamsuli, futi kamba. Nilitegemea barua ya onyo. Akanyamaza, akavua miwani, akaanza kujisugua macho, mekundu kama ya mlinzi wa usiku.

"Umesema kila baada ya dakika ngapi?"

Tangu hapo tunatazamana. Simu yangu ikilia, yake inalia, tunainua vichwa pamoja, hakuna anayetabasamu, hakuna anayesema neno. Ofisi nzima inashusha sauti. Jana mhasibu hakuvumilia, akaja kusimama katikati yetu na kutuomba tuyamalize kiutu uzima.

Tukamwambia asogee, anatuzibia, na zimebaki sekunde nane.