"Ukizaa Itaisha." Mimi Nimezaa, Haijaisha

Jumamosi iliyopita kwenye sendofu moja hapa Mwanga, Kigoma, MC alimwita mbele binamu yangu, mtoto wa shangazi, akabidhi khanga za upande wa mama. Alipofika kwenye taa ya kamera, MC akainama, akamkagua kidevu, kisha akauliza ukumbi: "Jamani, huyu tumpe maiki au tumpe wembe?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mpiga kinanda akaongezea kale kamlio kake. Binamu naye akacheka, tena kwa sauti kuliko wote, akakabidhi khanga, akarudi mezani, akaninong'oneza kwamba anakwenda kujisaidia. Hakurudi. Pilau lake lilipoa pale mpaka mhudumu akaliondoa.

MC simsemi sana. Analipwa kwa vicheko, na siku hizi wanaamini sherehe hainogi mpaka mtu mmoja adhalilishwe. Hasira zangu ziko kwenye meza yetu. Mawifi, mashangazi, mama wadogo, watu wanaojua fika kwamba huyu mtoto ana PCOS, ugonjwa wa homoni unaovuruga hedhi na kuotesha ndevu, na amezunguka kliniki kwa miaka. Muda mfupi kabla ya hapo walikuwa wanampa ushauri. Mmoja mdalasini. Mwingine mbegu za uwatu, uziloweke usiku, unywe asubuhi kabla ya kula. Mwingine ana namba ya mama mmoja wa Ujiji anayesafisha kizazi, "na ukitoka pale mwezi haupiti." Alipoondoka na kiti kikabaki kitupu, unajua swali la kwanza lililoulizwa mezani? "Au tayari?" Yaani labda mimba imeshika, ndiyo maana harufu ya pilau imemshinda.

Mwanamke kaondoka analia, sisi tunamhesabia miezi.

Mimi ninayeandika hapa ninao ugonjwa huohuo, ila wangu uliniachia mtoto mmoja. Kwa hiyo naomba niseme kwa mamlaka kamili kuhusu ile sentensi ambayo kila mwenye PCOS mkoa huu ameshaambiwa na mtu wa familia, na mara nyingine na mtu aliyevaa koti jeupe: "Ukizaa itaisha." Nimezaa. Mtoto yuko darasa la pili. Hedhi bado inakuja inapojisikia. Shingo bado nyeusi kwa huu ugonjwa, na bado kuna ndugu wa mume anayeamini sijui kutumia dodoki. Na bado kuna asubuhi ambazo naamka mwili ni mzima, homa sina, njaa sina, deni sina (hapo nimetia chumvi), lakini kuteremsha mguu sakafuni ni shughuli. Tofauti ni moja tu: tangu nianze kuitwa kwa jina la mtoto wangu, sina tena ruhusa ya kulalamika. "Wewe si ulishapona?"

Sikupona. Huu ugonjwa hautolewi na mkunga pamoja na kondo la nyuma. Ni hali ya kudumu, inasimamiwa, haimalizwi kwa kuzaa. Na aliyezaa akiwa nao ana hatari kubwa zaidi ya kupata kisukari wakati wa ujauzito na sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito, baada ya kujifungua. Hilo la pili sikuwahi kuambiwa na mtu yeyote nikiwa na tumbo. Niliambiwa nisile pilipili.

Sasa nirudi kwa binamu, kwa sababu habari yake ni mbaya zaidi. Kabla hajaolewa alikwenda kituo kimoja cha afya, sitakitaja. Miezi ilikuwa imepita bila kuona siku zake, nywele za utosini zinabaki kwenye kitana, za kidevuni zinaota. Akaulizwa maswali matatu: Umeolewa? Una mtoto? Unataka mtoto sasa hivi? Akajibu hapana, hapana, hapana. "Basi nenda, ukiolewa ukitaka mtoto uje tukupe dawa." Alikuwa binti wa chuo. Akaambiwa kwa lugha laini kwamba mwili wake utaanza kuwa na maana siku utakapohitajika na mtu mwingine.

Halafu akaolewa, akarudi, na mlango ukafunguka kweli: altrasaundi, vipimo vya homoni, vidonge, rufaa inatajwa mpaka Bugando, hospitali kubwa ya Mwanza. Nashukuru kwa hayo. Lakini faili lake nimelishika kwa mkono wangu. Uzito umeandikwa. Presha imeandikwa. Tarehe ya mwisho ya hedhi imeandikwa kila ukurasa. Idadi ya vifuko kwenye kila ovari imeandikwa. Ukurasa kwa ukurasa, hakuna mahali pameandikwa kwamba huyu mwanamke halali usiku. Kwamba kila siku kabla ya adhana ya alfajiri anajifungia bafuni na tochi ya simu na kibano, anang'oa kimoja kimoja, na kibano hicho anakitunza kwenye mkoba ndani ya pochi ya sarafu ili mumewe asikione. Kwamba ameacha kwenda kwenye arobaini za watoto. Haikuandikwa kwa sababu haikuulizwa.

Tangu Stein na Leventhal wa Chicago walipoandika habari za wanawake saba mwaka 1935, macho ya tiba yamekwama kwenye ovari. Ila hata wakubwa wa tiba wameshaamka, sisi ndio tumelala. Mwongozo wa kimataifa wa PCOS ulioongozwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, toleo la 2018 na lile jipya la 2023, unasema wazi: kila mwenye ugonjwa huu, mtu mzima au binti, apimwe dalili za sonona na wasiwasi anapogunduliwa. Kila mmoja. Asisubiriwe mpaka aonekane analia. Sababu ni kwamba hali hizo zinawapata wenye PCOS kwa kiwango kikubwa kuliko wanawake wengine. Tena Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa wenyewe uko kwa mwanamke kama mmoja katika kila kumi wa umri wa kuzaa, na hadi asilimia 70 yao hawajagunduliwa. Hesabu mwenyewe wanawake walio kwenye kikoba chako.

Najua mtakachoniambia: Kigoma, mwisho wa reli, vifaa viko wapi? Hapa ndipo hasira inaponipanda kabisa. Kuna kipimo cha awali cha sonona chenye maswali mawili. Mawili! Katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umekosa hamu au raha ya kufanya mambo? Na ni mara ngapi umejisikia mnyonge, mwenye huzuni au aliyekata tamaa? Basi. Hakitumii umeme. Hakisubiri jeli ya altrasaundi iletwe kutoka bohari. Nesi anaweza kuuliza huku anafunga mkanda wa presha mkononi. Majibu yakiwa mabaya, anaendelea na maswali marefu zaidi.

"Akishauliza atampeleka wapi?" Haya, hoja hiyo nakubali shingo upande. Madaktari wa akili nchi hii ni wachache, na huku kwetu ndiyo usiseme. Lakini hospitali kubwa huwa na ofisa ustawi wa jamii. Na hata kama rufaa haipo, jibu lenyewe linabadilisha matibabu. Wapo wanawake ambao vidonge vya kupanga hedhi vinawavuruga moyo. Daktari asipouliza ataendelea kuviandika. Metformini, dawa ya kisukari wanayopewa pia wenye PCOS, inawasumbua wengi tumbo, wanaiacha kimyakimya, kisha wanaitwa wakaidi. Na ile dozi kuu ya "punguza mwili, kimbia kila asubuhi"? Ni ushauri wa kweli, kupungua hata kidogo kunasaidia homoni kwa mwenye uzito mkubwa, sibishi. Lakini unamwambia akakimbie barabara ya Gungu alfajiri mtu ambaye hana nguvu ya kunawa uso. Usipotibu moyo, huo mguu utanyanyuliwa na nani?

Karatasi ya chakula aliyopewa, wacha tu niseme ilikuwa na mafuta ya zeituni, sisi watu wa mawese.

Nitasema na jambo litakalowaudhi wenzetu wa hospitali. Yule mama wa Ujiji wa kusafisha kizazi, ambaye naamini kabisa anakula fedha za watu bure, na mimea yake sitaigusa, nilimsindikiza binamu kwake mara moja. Alimkalisha mkekani, akamwambia, "Mwanangu, unalala? Unaota nini? Mama mkwe anakusemaje?" Akasikiliza. Binamu alilia pale mpaka mtandio ukalowa. Tukitoka akaniambia anajisikia mwepesi kama hajawahi. Dawa alikuwa hata hajainywa! Mnashangaa kwa nini wanawake wanawakimbia ninyi wenye vyeti.

Tatizo lingine ni Mirembe, ile hospitali ya magonjwa ya akili ya Dodoma. Ukitamka "afya ya akili" mbele ya wazee wetu, wanasikia Dodoma, wanasikia mtu anaokota makopo. Nilipomwambia shangazi kwamba mwanaye anahitaji mtu wa kuzungumza naye, alinijibu, "Kwa hiyo unataka kusema nimezaa kichaa?" Nilimwambia, hapana shangazi, umezaa mtu aliyechoka. Akanyamaza. Kisha akasema tumuombee. Tumuombee, ndiyo, na mimi naomba. Lakini presha ya shangazi yenyewe tunaiombea na vidonge anameza.

Kuhusu waume: mumewe hajapimwa mbegu mpaka leo. Kikopo kilitolewa, kikapotea njiani kwenye bodaboda. Tuendelee.

Na wembe, kwa faida ya MC na wenzake, hauzidishi ndevu wala haukomazi. Mwanamke akitaka kunyoa anyoe, akitaka kuziacha aziache. Hazikuotea kwenye kidevu chako.

Miadi ya binamu ni mwezi ujao, na safari hii naingia naye chumbani. Tumeshakubaliana. Akiulizwa tarehe ya mwisho ya hedhi ataitaja. Akiulizwa kama bado anatafuta mtoto, kabla ya kujibu ndiyo au hapana, atasema: "Daktari, silali, na sitaki tena kutoka nje." Kisha tutakaa kimya wote wawili, tuone kalamu itaandika nini.