Safari ikifutwa, hasara abebe nani?

Tarehe 28 Juni 2005, abiria waliokuwa Vienna wakisubiri ndege ya Alitalia kwenda Roma waliambiwa safari imefutwa, zikiwa zimebaki dakika tano tu waondoke. Kumbe hitilafu ya injini ilionekana tangu jana yake, na kampuni ikaarifiwa saa saba usiku. Abiria mmoja, aliyekuwa akiunganisha safari hadi Brindisi, alidai euro 250. Kanuni namba 261 ya 2004 ya Umoja wa Ulaya humpa abiria euro 250, 400 au 600 kulingana na umbali, asipoarifiwa angalau siku 14 kabla. Alitalia ikajitetea kwamba injini mbovu ni dharura, kwa hiyo hailipi.

Mwaka 2008 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliikataa hoja hiyo: ndege kuharibika ni sehemu ya biashara ya kurusha ndege. Nakubaliana nayo kabisa. Kati ya abiria na kampuni, ni kampuni pekee inayoijua injini ile, inayopanga matengenezo yake na inayoamua iwe na ndege ngapi za akiba.

Makampuni hujibu kwa hoja ya usalama: ukimtoza mtu kwa kutorusha ndege mbovu, unamshawishi airushe. Hoja hii siipuuzi. Lakini anayekataa kuruka ni rubani au fundi, na fidia haitoki mfukoni mwake. Kinachoniumiza kichwa zaidi ni kampuni ndogo yenye ndege chache, maana kwake ndege ya akiba ni mzigo ambao mwisho wake huingia kwenye nauli.

Wengine husema irudishwe nauli tu, yaishe. Marekani hakuna sheria ya fidia ya kiwango maalumu safari inapofutwa; msingi ni kurejeshewa nauli. Ila nauli uliyolipa miezi mitatu nyuma hainunui tiketi ya kesho asubuhi.

Kuna kesi moja ambayo kwayo nawaelewa wenye ndege. Aprili 2010 majivu ya volkano ya Eyjafjallajökull yalifunga anga la Ulaya, na abiria wa Ryanair akakwama Faro, Ureno, kwa takribani wiki nzima. Tiketi yake ilikuwa euro 98. Alidai takribani 1,130 za chakula, malazi na usafiri. Fidia hakustahili, kwa kuwa volkano ni dharura ya kweli, lakini mwaka 2013 mahakama ilisema wajibu wa kumhudumia abiria hauna kikomo, ilimradi gharama ziwe za lazima na za kiasi. Kampuni ilijaza hasara ambayo haikuisababisha wala isingeweza kuizuia. Hata hivyo, siwezi kukubali abiria alale sakafuni siku saba. Anga lilifungwa na mamlaka za nchi, na kwa majanga ya namna hiyo ningependa nchi hizo zichangie bili ya hoteli.