Bosi Kwenye Kioo, Karani Kwenye Droo

Kuhusu nyoka, mke wangu alikuwa na msimamo mmoja tu: kama ni lazima wakae ndani ya nyumba yake, basi waonekane. "Nyoka nisiyemwona si wa kufugwa," alisema, "huyo ni wa kutafutwa kwa fimbo." Yeye alitaka tangi la kioo, likae sebuleni, lipambwe kwa gogo na majani, taa juu, mgeni akiingia ashike mdomo.

Upande wa pili alikuwepo jamaa yangu mmoja, mfugaji wa siku nyingi, mtu ambaye ukimuuliza habari za watoto anakujibu habari za mayai. Huyo hataki hata kusikia neno kioo. Kwake yeye nyoka anakaa kwenye droo. Msidhani natania. Ni rafu ndefu yenye masanduku ya plastiki ya kuvuta na kusukuma. Masanduku hayana vifuniko. Ubao wa rafu ya juu ndio kifuniko. Nyuma unapita ukanda wa joto unaosimamiwa na thamostati, ubavuni kuna matundu ya hewa, chini magazeti, bakuli la maji, kiboksi cha kujifichia, basi.

"Tangi lako lina mfuniko wa wavu," alinipa somo. "Joto linapanda linakwenda zake, unyevu unalifuata, halafu nyoka anajivua gamba vipande vipande, na wewe usiku kucha unamlowesha umbandue. Nyoka ni mwoga. Mpe giza, mpe pafinyu, atakushukuru."

Maneno hayo yana ukweli, ila mwenzangu alikuwa anaruka kipande. Nyoka mpenda kupanda hana cha kupanda ndani ya droo, na aliyerefuka hana pa kujinyoosha. Isitoshe, zile rafu humfaa zaidi mtu mwenye nyoka hamsini, anayetaka kuwasafisha wote kabla jua halijawa kali. Mimi nilikuwa nao wawili.

Wawili, na washauri wawili. Nikawa mtu wa amani: mmoja kioo, mmoja droo.

Kwenye kioo akaingia Bosi. Huyu ni chatu mdogo wa Afrika Magharibi, yule ambaye akiogopa anajiviringisha akawa mpira, kichwa katikati, na hapo hata umwimbie hakufunguki kitu. Kwenye droo akaingia Karani, nyoka wa mahindi, kwao Marekani, wa rangi ya chungwa mwenye mabaka mekundu na tumbo la miraba myeusi na myeupe. Hakuna mwenye sumu kati yao. Jina la mahindi linatisha zaidi kuliko mwenyewe. Inasemekana alipewa kwa sababu alizoea kuonekana kwenye maghala ya mahindi, akiwafuata panya.

Bosi akafanya wanachofanya mabosi wote wakipewa ofisi ya kioo: hakuonekana. Porini chatu hawa hushinda kwenye mashimo ya panya na ndani ya vichuguu, wanatoka usiku. Sasa mimi nimeweka upande mmoja nyuzijoto 32, upande wa pili 26, nimefunika nusu ya wavu kwa karatasi ya alumini ili unyevu usitoroke, nimefuta kioo kikang'aa. Kila kitu kinaonekana isipokuwa nyoka. Na kula akasusa. Wageni wanauliza, "Yuko wapi?" Nawajibu, "Chini ya gogo." Wanatikisa kichwa kwa namna ya mtu anayefariji.

Karani naye ni wa aina nyingine kabisa. Uvute droo kidogo tu, kichwa hicho, ulimi nje, anataka kujua ni nani na amekuja na nini. Mtu wa sebuleni yule, lakini nimemweka chumba cha wageni, kwenye rafu ya droo tano, nne zikiwa tupu. Kuhusu zile nne, jamaa yangu aliniambia nisihangaike, zitajaa zenyewe.

Zikajaa. Akaja mama mkwe.

Alitarajiwa mwisho wa wiki, akatokea katikati, sisi tukiwa kazini, mtoto akamfungulia mlango. Nilipofika jioni nikamkuta ameshaoga, amekaa sebuleni mbele ya tangi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Nimeambiwa humu mna joka. Nimeangalia tangu mchana." Akanitazama kwa huruma. "Baba, mnafuga gogo."

Nikacheka. Akaendelea: "Lakini lile kabati la chumbani kwangu nimelipenda. Nguo zinatoka na uvuguvugu wake, huna haja ya pasi."

Nikamwangalia mke wangu. Mke wangu akaangalia dari.

Ukanda wa joto hauchagui droo, mnaelewa. Unapita nyuma ya zote tano, yenye nyoka na isiyo na nyoka. Mama alikuwa amechukua zile tatu za chini, akazishindilia nguo zake zote, na mbili za juu akatuachia wenye nyumba kwa adabu zake. Karani alikuwa ya pili kutoka juu. Kati yake na magauni ya mama mkwe, ubao mmoja.

Tukafanya kikao jikoni kwa kunong'ona.

"Mwambie."

"Mama yako huyo, mwambie wewe."

"Nyoka wako huyo."

Mke wangu akapiga hesabu za ukoo: mama akiambiwa usiku huu, ataondoka usiku huu, na habari zitafika kwa shangazi zake kabla ya yeye mwenyewe kufika. Tukaafikiana Karani atahamia kwa jamaa yangu siku ya mapumziko. Kwa sasa nikabandika karatasi kwa nje ya droo yake, nikaandika kwa herufi kubwa: NYARAKA.

Ikawa kila mama akienda kuoga, naingia mbio kubadilisha maji. Siku moja akasahau taulo. Tukakutana mlangoni, mimi natoka.

"Unatafuta nini, baba?"

"Nyaraka, mama."

Akaangalia bakuli la maji mkononi mwangu. "Siku hizi zinanyweshwa?"

Yaliyofuata nimeyaunganisha kwa ushahidi. Mama ni mtu wa mpango. Alitaka gazeti la kufungia viatu. Akavuta droo ya nyaraka, akaona magazeti, akachomoa la juu, akarudisha droo. Karani muda huo yumo kwenye kiboksi chake, amelala. Ila droo haikurudi yote. Ilibaki nafasi ya kidole. Na kwa nyoka, pakipita kichwa, mwili unafuata. Droo ya chini yake nayo ilikuwa imeshiba nguo, haifungi. Ndani joto, giza, na mikunjo laini tabaka juu ya tabaka. Jamaa yangu mwenyewe hajawahi kumtengenezea nyoka maficho ya namna ile.

Asubuhi nilikuwa nafunga kamba za viatu. Sauti ikatoka chumba cha wageni, tulivu kabisa.

"Baba. Hebu njoo."

Nikasimama mlangoni. Mama amenyoosha mkono, ameshika gauni lake la kulalia kwenye bega, mbali na mwili. Kwenye mkono wa gauni, pale ngumi ya mtu inapotokea, kilikuwa kimetokea kichwa cha rangi ya chungwa. Nyoka hana kope. Karani alikuwa anamtazama mama bila kupepesa, na mama anamtazama Karani vivyo hivyo.

"Gauni lina ulimi," mama akasema.

Kisha akaliachia, akapanda kitandani kwa wepesi ambao magoti yake yamekuwa yakiukana kwa miaka, na sauti iliyokuwa imechelewa ikafika yote kwa pamoja.

Karani alianguka na gauni, akaona mambo ya nje hayafai, akarudi kwenye droo alikolala. Droo ya nguo za ndani.

Hebu fikiria hali yangu. Mkwe na mama mkwe wana mipaka yao. Nimepiga magoti mbele ya mashimizi na magagulo, na mwenyewe yuko juu ya kitanda ananisimamia.

"Usiangalie!"

"Mama, nisipoangalia nitamshika vipi?"

"Papasa! Siyo hiyo! Hiyo iweke chini!"

Mke wangu akaingia na foronya ya kumtilia, akaona nilichoshika, akatoka tena. Nilisikia akicheka ukutani.

Nikampata ndani ya shimizi nyeupe yenye lesi. Hapo sasa kuna jambo ambalo ukikurupuka unalijutia: nyoka aliyejipenyeza kwenye kitambaa havutwi. Anajikaza, magamba yanashika nyuzi, ukilazimisha unamuumiza. Dawa yake ni kumsubiri. Basi nikakaa chini, shimizi ya mama mkwe mapajani, nikaipakata kwa mikono miwili. Mama juu ya kitanda. Saa ya ukutani inagonga. Hakuna aliyekuwa na la kuzungumza, na mada zilikuwa chache.

Hatimaye akatoka kwenye lesi, taratibu, akanizunguka kifundo cha mkono, akainua kichwa kuangalia juu.

"Kumbe ndiye huyu," mama akasema. Alikuwa ameshaanza kupumua. "Mbona anaonekana vizuri tu? Mnaweka gogo kwenye kioo, nyoka mnamficha kwenye nguo. Mliwaza nini?"

Hukumu ikatekelezwa siku ileile, mama akiwa kwenye kiti cha sebuleni, miguu juu. Bosi akahamia droo. Karani akahamia kioo. Nikamwongezea matawi ya kupanda, nikashusha joto la upande wa moto hadi nyuzijoto 29, nikatia na kufuli, maana jamii yake ni mabingwa wa kusukuma mifuniko. Siku chache baadaye Bosi, gizani mwake, akala panya. Karani anazunguka kwenye matawi jioni nzima, na mke wangu sasa ndiye anayewaita wageni waje waone.

Jamaa yangu nilipomsimulia hakucheka. Aliuliza tu kwa nini nilinunua rafu isiyo na vizuizi vya droo.

Mama alimaliza siku zake zote, hakukatisha hata moja. Gauni la kulalia aliliacha. Juzi amempigia simu binti yake: anaomba tumtafutie kabati kama lile, lenye joto nyuma, ila la kwake tulikague droo zote tano kabla halijapakiwa, na yeye atazikagua tena likifika.