Mhadhiri akiambiwa, alazimike kuripoti?

Mwanafunzi aliyefanyiwa ukatili wa kingono chuoni aghalabu haanzii kwenye ofisi ya malalamiko. Huanza kwa mtu anayemwamini: mhadhiri wa somo moja, mlezi wa bweni, kocha, karani wa idara. Hapo ndipo wanaotunga kanuni za vyuo wanapogawanyika. Mtu huyo alazimishwe kuifikisha habari kwa uongozi hata kama mwanafunzi amemwambia "naomba ibaki hapa"? Au uamuzi uachwe kwa mwanafunzi?

Jimbo la Texas, Marekani, lilichukua msimamo mkali wa upande wa kwanza. Kwa sheria iliyopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika Januari 2020, mfanyakazi wa chuo aliyepata habari ya unyanyasaji au shambulio la kingono akiwa kazini lazima airipoti mara moja. Akinyamaza huku akijua wajibu wake, ametenda jinai inayoweza kumpeleka jela hadi siku 180, na akibainika amevunja sheria hiyo chuo kinapaswa kumwachisha kazi. Washauri nasaha waliotengwa kupokea siri hutaja aina ya tukio tu, bila jina la aliyetendewa. Mwaka huohuo wa 2020, serikali kuu ya Marekani ilielekea kwingine. Kanuni mpya chini ya Title IX, sheria ya mwaka 1972 inayokataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu, zilisema chuo kikuu kinahesabiwa kimejulishwa pale tu habari inapomfikia mratibu wa masuala hayo au afisa mwenye mamlaka ya kurekebisha hali. Vyuo vilibaki na hiari ya kuwabana wafanyakazi wengine au kutowabana.

Wanaotaka ulazima wana hoja nzito, nayo ni kisa cha Chuo Kikuu cha Michigan State, Marekani. Daktari wa michezo Larry Nassar aliwadhalilisha wasichana na wanawake kwa miaka mingi, na baadhi yao walieleza kwamba waliwaambia watu wazima wa chuoni hapo tangu 1997. Habari ziliishia kwa walioambiwa. Ilipofika Januari 2018, zaidi ya 150 walizungumza mahakamani alipokuwa akihukumiwa, na baadaye mwaka huohuo chuo kilikubali kulipa dola milioni 500. Mtu anayerudia ukatili hutegemea jambo moja: kila anayemlalamikia adhani yuko peke yake. Taarifa zikikusanyika mezani pamoja, tegemeo hilo linavunjika.

Lakini kisa hichohicho kinaonyesha ulazima unapofika ukingoni. Mwaka 2014 lalamiko lilifika kwenye ofisi iliyostahili na likachunguzwa. Wataalamu wa tiba walioulizwa maoni walikuwa na uhusiano na chuo hichohicho na walimfahamu daktari huyo. Uchunguzi ulimsafisha, akarudi kutibu wagonjwa. Habari kufika ofisini ni hatua moja. Nani anachunguza, na anamtegemea nani kwa ujuzi, ni suala jingine kabisa, na wajibu wa mhadhiri kuripoti haugusi hapo.

Upande wa pili unaanza na kile kinachotokea katika dakika ya kwanza. Mhadhiri mwenye wajibu wa kuripoti, akiwa mwaminifu, lazima amkatize mwanafunzi: "Kabla hujaendelea, ujue sitaweza kuifanya siri." Wengi huishia hapo, wakasema ni jambo la rafiki yao tu. Asipomkatiza, mwanafunzi hupokea siku chache baadaye barua pepe kutoka ofisi asiyoijua, ikitaja jambo alilolisema kwa kunong'ona. Mara nyingi hajibu, na faili hufungwa kwa sababu mlalamikaji hajajitokeza. Chuo kimetimiza kanuni, mwanafunzi amepoteza mtu wa kumwambia, na anayetuhumiwa hajaulizwa chochote. Hatari huwa kubwa zaidi kwa mwanafunzi wa uzamili ambaye mtuhumiwa wake ndiye anayesimamia tasnifu yake. Jina likivuja kabla hajapatiwa msimamizi mwingine, kulipiza kisasi hakuhitaji vitisho: sura inakaa miezi bila kusomwa, barua ya mapendekezo haiandikwi.

Nadhani mjadala huu unapotoka kwa kuchanganya mambo mawili: kueleza na kulalamika. Anayeeleza anatafuta msaada, na msaada una saa zake. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zianze mapema iwezekanavyo, na kabla ya saa 72 kupita. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba hutumika hadi siku 5, ingawa nguvu yake hupungua kadiri muda unavyokwenda. Baadhi ya dawa za kulevya zinazotiwa kwenye vinywaji hutoka kwenye mkojo ndani ya takriban saa 12, kwa hiyo mkojo wa kwanza ndio wa kupimwa. Nguo ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, kwani plastiki hutunza unyevu na ukungu huharibu vinasaba. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji mwanafunzi awe ameamua kushtaki. Mhadhiri anayejua hayo na kumsindikiza hospitali amefanya kazi kubwa kuliko aliyejaza fomu.

Kwa hiyo ulazima ninaouunga mkono ni wa namna nyingine. Kila mfanyakazi alazimike kumweleza mwanafunzi njia zilizopo, kumpa mawasiliano ya mshauri wa siri siku hiyohiyo, na kupeleka ofisini taarifa isiyo na jina la mwanafunzi: aina ya tukio, mahali, wakati. Kwenda na jina kinyume cha matakwa yake kubaki kwa hali chache zilizoandikwa wazi: aliyetendewa ni mtoto, kuna tishio la haraka kwa maisha, au mtuhumiwa ana mamlaka juu ya wanafunzi wengine na tayari kuna lalamiko jingine dhidi yake. Hata hapo, mwanafunzi aambiwe kabla, si baada.

Mwanafunzi naye ana swali la kuuliza kabla ya kufungua moyo: "Nikikuambia, unalazimika kumwambia nani?" Na hata kama hataki kulalamika leo, aandike tarehe, saa, mahali, maneno yaliyotumika na mtu wa kwanza aliyemwambia. Picha za skrini zionyeshe namba ya mtumaji na tarehe bila kukatwa, ujumbe wenyewe usifutwe, na nakala isiwekwe kwenye barua pepe ya chuo, ambayo chuo kinaweza kuifikia na ambayo hufungwa mtu akihitimu.

Linalobaki gumu ni jina la mtuhumiwa katika taarifa hizo zisizo na mlalamikaji. Likifutwa, hakuna atakayeona kwamba watu watatu katika miaka minne wamemtaja mtu mmoja. Likihifadhiwa, kuna mtu mwenye doa kwenye faili asilolijua na asiloweza kulijibu, na hiyo ni dhuluma ikiwa faili hilo litatumika kumnyima cheo. Callisto, mfumo ulioanza kutumika katika vyuo vya Marekani mwaka 2015, ulijaribu njia ya kati: taarifa hufungiwa, na hufunguliwa mtu mwingine akimtaja mtuhumiwa yuleyule. Kasoro yake ni kwamba wa kwanza husubiri hadi wa pili aumizwe au ajitokeze, na mwanafunzi anaweza kuhitimu akiwa bado anangoja. Pamoja na hayo naona inafaa jina lihifadhiwe, kwa masharti: lisomwe na afisa mmoja au wawili tu, lisitumike kwa adhabu wala kupandisha vyeo, na likitumika kufungua uchunguzi, mtuhumiwa apewe maandishi ya tuhuma na muda wa kujibu kabla ya kusikilizwa. Muda wa kulihifadhi nao uandikwe, na usiwe mfupi kuliko miaka ambayo mwanafunzi wa uzamivu hukaa chuoni.