Saikolojia Dodoma: tufundishe mila, au tufundishe kuuliza?

Mwanafunzi wa saikolojia katika Chuo Kikuu cha Dodoma huenda ni Mhaya wa Muleba, Mpemba wa Wete, au Mchaga aliyezaliwa na kukulia Temeke. Akipangiwa fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, hapa hapa mkoani, atakayeketi mbele yake anaweza kuwa mfugaji wa Kigogo kutoka Bahi, mama wa Kirangi wa Kondoa, kijana wa Kisandawe wa Chemba, au mtumishi wa wizara aliyeifuata Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016 na kuiacha familia Dar es Salaam. Ni sehemu chache sana Afrika ambako wasemaji wa lugha za Kibantu, za Kikushi, za Kinailoti na zile za vidoko (zenye sauti za kugonga ulimi, kama Kisandawe) wanaishi jirani kama hapa katikati ya Tanzania. Huyu mwanafunzi aandaliwe vipi? Majibu yapo mawili, na kila moja lina watetezi wake.

Wa kwanza wanasema afundishwe mila za watu anaokwenda kuwahudumia. Mwaka 1992 Derald Wing Sue na wenzake huko Marekani walipendekeza mshauri apimwe kwa mambo matatu: anavyozitambua imani na upendeleo wake mwenyewe, anachokijua kuhusu watu anaowahudumia, na stadi alizonazo za kuwahudumia. Watetezi wa somo la mila hulishika lile la pili, na hoja yao si nyepesi. Robert Serpell, aliyefanya utafiti Zambia kwa miaka mingi, mwaka 1979 alichapisha jaribio lililowalinganisha watoto wa Lusaka na wa Manchester katika kunakili maumbo. Kwa kalamu na karatasi, watoto wa Manchester waliongoza. Kwa waya, wa Lusaka wakawapita. Kwa udongo wakatoshana. Wale wa Lusaka walikuwa wamezoea kujitengenezea magari ya waya, mchezo ambao hata huku kwetu haumshangazi mtu. Sasa mchukue mwanafunzi asiyeijua habari hii, mpe jaribio la akili la kuchora, umpeleke shule ya msingi ya kijijini. Atarudi na orodha ya watoto "wazito", na orodha hiyo itabaki kwenye faili la mwalimu mkuu muda mrefu baada ya fildi kwisha.

Upande wa pili unaogopa somo hilo litageuka kitini cha "Wagogo wako hivi, Warangi wako vile". Woga huo una msingi. Mgogo amebebeshwa jina la ombaomba kwa miaka mingi, na mwanafunzi anafika chuoni akiwa tayari ameyasikia hayo kwenye utani wa mitaani. Ukurasa mmoja wa mila hauyafuti, pengine unayapa muhuri wa chuo. Halafu nchi hii ilijijenga kwa kukwepa kumpima mtu kwa kabila lake, na mhadhiri anayesimama darasani kueleza tabia za kabila fulani anajua anatembea pabaya. Mwaka 1998 madaktari wawili wa Marekani, Melanie Tervalon na Jann Murray-García, waliandika kwamba mhudumu hawezi kuhitimu katika utamaduni wa mtu mwingine, bali anatakiwa kuwa mnyenyekevu mbele yake, aulize, na aendelee kujikagua maisha yake yote.

Mimi naelemea huku kwa pili, ila si kwa moyo wote. Unyenyekevu ni rahisi kuuandika kwenye mtihani na mgumu kuupima. Na kuuliza kuna masharti yake: huwezi kuuliza habari ya jambo ambalo hujui kama lipo.

Kinachotudanganya zaidi ni Kiswahili. Kwa kuwa karibu kila mtu anakisema, mwanafunzi huamini kwamba tofauti zimekwisha pale mlangoni waliposalimiana. Chukua mahojiano ya aina hii: bibi wa miaka sabini na kitu ameletwa kliniki na mwanawe wa kiume. Anaulizwa anajisikiaje. Anageukia mwanawe, anaongea Kigogo kwa dakika mbili tatu, sauti inapanda, inashuka, mkono unagusa kifua. Mwana anageuka: "Anasema hapati usingizi tu." Mwanafunzi anaandika: hapati usingizi. Hapa hakuna kitini cha mila kitakachomwokoa. Kinachotakiwa ni stadi za kawaida kabisa: kugundua kwamba maneno mengi yamerudi machache, kumwomba mkalimani arudie kama alivyosema bibi mwenyewe, na ikiwezekana kumtafuta mkalimani asiye mtoto wake, maana huenda huyo mwana ndiye shida yenyewe. Haya yanafundishika. Yafanyiwe mazoezi darasani, na mwanafunzi apewe alama.

Dini nayo isisahaulike, kwa sababu tukisema utamaduni tunakimbilia kabila. Wengi wanaofika hospitali wamekwisha pita kwenye maombi, kwa shehe au kwa mganga, na tiba asili inatambuliwa na sheria ya nchi tangu 2002. Mwanafunzi mlokole anayekunja uso akisikia neno mganga ameshampoteza mgonjwa.

Wakati nafikiria haya, narudi kila mara kwenye Benchi la Urafiki la Zimbabwe, mpango wa afya ya akili ulioanzishwa Harare mwaka 2006 na daktari wa akili Dixon Chibanda. Pale wanawake wa makamo na mabibi wa mtaani walifundishwa mbinu fupi ya kumsaidia mtu kutatua matatizo yake. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliohudumiwa nao walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mabibi wale waliijua jamii kwanza, mbinu wakaongezewa. Sisi tunafanya kinyume: mbinu miaka mitatu, jamii wiki chache za fildi.

Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili hapa Dodoma, ni shule kubwa ya fani hii, lakini wengi wanaofika pale ugonjwa umekwisha komaa, na mwanafunzi anamwona mgonjwa bila kuiona kaya yake. Ningependa nusu ya fildi ifanyike kwenye zahanati za vijijini, chini ya mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayezijua nyumba zote. Najua pingamizi. Mhudumu huyo ni jirani, na siri ya jirani haikai. Hivyo mipaka ya usiri iandikwe mapema, na mgonjwa mwenyewe aulizwe kama anamtaka mhudumu huyo chumbani au la. Pingamizi la pili ni fedha, na hapo chuo ndicho chenye jibu: mhudumu alipwe kama msimamizi, na alama atakazotoa zihesabiwe pamoja na za mhadhiri anayefika mara moja kukagua.